Kitanda Huku, Godoro Kule

Haya ninayowaletea hakuna atakayeyaamini, na sitamlaumu mtu. Mume na mke wasio na ugomvi wowote, hata wa sukari kwenye chai, walilala nyumba mbalimbali wakibadilishana kama walinzi wa ghala, na sababu haikuwa mwanamke wa nje, wala mwanamume wa nje, wala chupa. Sababu ilikuwa bima. Mimi shule niliiona zaidi kwa nje kuliko kwa ndani, hilo mtaa wote unalijua, lakini nilikuwepo, nina macho, na ni mjomba wa watoto wa nyumba ile. Tena naandika nikiwa kwenye benchi la wateja, dukani kwa shemeji yangu mwenyewe, na kila nikimaliza kipande namsomea kwa sauti. Wembe uko mkononi mwake na zamu yangu ya kunyolewa inakuja. Kwa hiyo leo mnaweza kuniamini kuliko siku nyingine.

Shemeji yangu huyu ni kinyozi asiyesema. Mmeshaona vinyozi: mtu anaingia na nywele anatoka na habari. Huyu ukimuuliza habari za ulimwengu anasema "Mm," anakugeuza kichwa kuelekea kwenye mwanga, basi. Duka lake ni chumba kimoja chenye kiti chekundu kilichozibwa kwa gundi ya karatasi, kioo kilichopasuka pembeni, na harufu ya spiriti na poda. Watu wanampenda kwa sababu wakisema wao, hakatizi.

Aliyemuoa ni dada yangu. Dada ni dobi wa hospitali, upande wa pasi. Amekaa miaka mingi kati ya mashuka na mvuke, na ameshaona shuka likiungua kwa sababu mtu aligeuka kujibu salamu. Tangu hapo haamini swichi. Akitoka nyumbani hufika njia panda, akarudi kugusa swichi ya pasi, akafika njia panda tena, akarudi kugusa jiko. Akishazima jiko hulitazama kidogo, kama mtu anayemtazama mwizi aliyejifanya amelala.

Watu hao wawili walikuwa na nyumba moja, kisha wakawa na mbili. Ya zamani ilikuwa mtaani kwetu, vyumba vitatu, sakafu ya saruji nyekundu ambayo dada aliing'arisha mpaka nzi wakawa wanateleza. Ya pili waliijenga pole pole, tofali kwa tofali, kule lami inapoishia, karibu na binti yao mkubwa. Ya zamani walimpata wa kuinunua, mwalimu anayekaribia kustaafu. Alikuja siku moja akaizunguka mikono ikiwa nyuma, akagonga kuta kwa kidole, akainua macho akatazama dari ya kila chumba, akasema, "Nikiikuta kama nilivyoiona, naichukua muhula ukiisha."

Hayo maneno dada aliyameza na hayakushuka. Kama nilivyoiona. Nyumba mpya ilikuwa haijapata nondo za madirisha wala jiko la kudumu, na vyote hivyo vilikuwa vinamngoja mwalimu. Nyumba ya zamani ikipata kasoro, mwalimu anaondoka na maneno yake, na wao wanabaki na nyumba mbili ambazo hakuna hata moja iliyokamilika.

Basi akamshika mumewe mkono wakaenda kukata bima.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la viatu. Kulikuwa na feni iliyogeuka upande mmoja tu, na binti mwenye miwani aliyekaa upande ule mwingine, jasho likimtiririka.

"Nyumba mbili, mama?"

"Mbili. Moja tunaihama, nyingine tunaihamia. Nataka zote zilindwe."

"Zitalindwa. Ila kuna sharti. Nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya mwezi, maji na wizi vinatoka kwenye bima. Unabakiwa na moto peke yake."

"Kukaa na mtu maana yake nini?"

"Mtu alale. Apike. Taa iwake. Iwe nyumba, isiwe stoo."

"Mm," kinyozi akasema.

"Na msitangaze kwamba mnahama," binti akaongeza. "Nyumba ikisemwa ni tupu, wezi wanasikia kabla ya mafundi."

Wakashuka ngazi. Katikati ya ngazi dada akasimama. Nawajua wote wawili. Dada akisimama katikati ya ngazi, jambo limeshaamuliwa.

"Umesikia alivyosema," akasema.

"Nimesikia mwezi."

"Mwezi unaanza na siku ya kwanza, bwana. Kama kuiacha mwezi mzima ni kosa, kuiacha siku moja ni kulianza kosa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mmoja huku, mmoja kule. Jumapili tunabadilishana."

Kinyozi akashuka ngazi mbili nyingine, akifikiri. "Na tuwaambie watoto?"

"Watoto wana midomo, na midomo yao ina marafiki. Asiambiwe mtu."

Hilo ndilo kosa lenyewe, nalisema mapema ili msije mkanilaumu. Watu wengine wangesikia mwezi, wangekuwa wanapitia mara moja moja, wanawasha taa, wanakunywa chai, wanaondoka. Lakini mnamuoza dobi aliyeona shuka likiungua, kisha mnamwambia nyumba isiachwe. Mlitegemea nini?

Lori la rafiki likaja kubeba vitu vya safari ya kwanza. Likabeba makochi, kabati, mapazia, godoro, na masufuria yote isipokuwa moja. Lilipofika kule likaharibika gia, likakaa hapo hapo, na safari ya pili ikawa ya kesho, na kesho ikawa kesho nyingine. Kwa hiyo kitanda kikabaki nyumba ya zamani na godoro likawa nyumba mpya. Wa huku alikunja mablanketi akalala juu ya chaga, zile mbao tupu za kitanda. Wa kule alilala kwenye godoro lililotandazwa sakafuni, akiangaliwa na madirisha yasiyo na nondo.

Wiki ya kwanza chaga ziliangukia kwa kinyozi. Asubuhi alikuja dukani amejikunja kama rula ya fundi seremala, akajinyoosha kwa vipande. Alikuwa hajawahi kupika. Alijaribu mayai, yakashika sufuria, sufuria ikashika moshi, moshi ukatoka dirishani kwenda kujitangaza. Alifua fulana yake mwenyewe akaianika kwenye kamba, imekunjamana kama iliyotafunwa, naye ni mume wa mpiga pasi. Hakuna aliyeiona fulana ile akanyamaza.

Na aliyeiona wa kwanza ni Mama Dirisha. Huyu ni jirani wa mbele, anaitwa hivyo kwa sababu kiti chake kiko dirishani na dirisha lake liko barabarani. Haibi, hatukani, hakopi. Anatazama. Akaona Jumapili kinyozi anatoka na mfuko, dada anaingia na mfuko. Jumapili iliyofuata dada anatoka, kinyozi anaingia. Hawatoki pamoja. Hawaingii pamoja.

Kubadilishana kwenyewe kulifanyika hapa dukani, pale mlangoni. Nilishuhudia. Dada anatoa funguo, kinyozi anatoa funguo.

"Umezima jiko?"

"Nimezima."

"Umeligusa?"

"Nimeligusa."

Basi, kila mtu na njia yake. Ungekuwa hujui, ungesema ni watu wawili ambao hakimu amewakataza kuzungumza.

Habari ikatembea. Kwanza ilisema wamenuniana. Ikafika kwa fundi viatu ikiwa wameachana. Iliporudi kwa Mama Dirisha, nyumba zilikuwa zimeshagawanywa na kila mmoja amepewa zamu ya kwenda kuilinda haki yake. Na mnajua habari kama hiyo inaishia wapi? Inaishia kwenye kiti cha kinyozi. Wakawa wanakuja hata wasio na nywele.

"Fundi," fundi viatu akamwambia siku moja, povu mashavuni, "nikwambie kitu kama ndugu?"

"Mm."

"Wangu aliwahi kuninunia mpaka tukawa tunawasiliana kupitia kwa paka. Nilimtengenezea viatu, laini, vya rangi ya kahawia. Siku hiyo hiyo nikawekewa chai. Mguu wa mkeo ni namba ngapi?"

Kinyozi akasimamisha wembe hewani. Alitafuta kichwani, hakuipata. Aliishi na miguu ile tangu ujana wake, na namba yake alikuwa haijui. Jambo hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya mtaa. Jumapili iliyofuata, dada alipokuja na funguo, akaiangalia miguu yake muda mrefu.

"Unaangalia nini?"

"Unavaa namba ngapi?"

"Kwa nini?" dada akashtuka. "Kuna nyayo umeziona ndani?"

Neno moja tu lingemaliza kila kitu. Bima. Lilimjaa mdomoni mchana kutwa. Wateja walimpa pole, walimpa mbinu, mzee mmoja alimpa hata mchumba, mpwa wake mjane mwenye duka la unga. Yeye akasema "Mm," akawageuza vichwa kwenye mwanga. Alikuwa ameahidi. Na jioni akarudi kwenye nyumba yenye kijiko kimoja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasikiliza ukimya uliokuwa zamani na sauti ya pasi ikipumua mvuke.

(Hapo shemeji ameguna. Naendelea.)

Sasa Mama Dirisha ana roho nzuri, na roho nzuri ina simu. Akampigia binti yao mkubwa, ambaye ni mshonaji. "Mwanangu, usishtuke, ila kwanza kaa chini." Binti alikaa, akasikiliza, akaacha cherehani na nguo ya mteja ikiwa imening'inia, akawaita wadogo zake, na kwa kuwa mambo mazito yanahitaji kichwa kizito, akaniita mimi.

Tulikutana nyumba mpya. Tulikaa juu ya maboksi ya vigae, kwa kuwa makochi yalifunikwa turubai kwa sababu ya rangi. Dada na mumewe waliwekwa katikati kama washitakiwa. Nikasimama. Sijisifu, lakini hotuba niliyotoa juu ya ndoa siku ile ingewarudisha pamoja hata watu waliokuwa hawajawahi kujuana. Niligusa uvumilivu, nikagusa ujana wao, nikagusa siku ya posa ambapo kinyozi alisema maneno manne tu na mawili yalikuwa "ndiyo". Binti akafuta machozi. Nikaketi, boksi likalia.

"Mama," binti akasema. "Tuambieni. Nani amemkosea mwenzake?"

Dada akamtazama mumewe. Mumewe akazitazama swichi za ukutani.

"Mlango umefungwa?" dada akauliza.

"Umefungwa."

"Tumekata bima," dada akasema kwa sauti ya chini.

Nadhani kila mmoja alikuwa anatafuta bima ni jina la nani. Akaeleza basi: binti wa miwani, sharti, mtu alale, apike, taa iwake. Alipofika kwenye mwezi, binti yake akainua mkono.

"Mama. Alisema mwezi."

"Nilimsikia."

"Mwezi mzima, mama. Siyo kila siku."

"Moto nao huwa unahesabu siku?"

"Moto umo tu kwenye bima. Ni maji na wizi."

"Maji je, yanahesabu?"

Binti akamgeukia baba yake. "Baba, na wewe?"

Kinyozi akakuna kidevu. "Mama yenu akilala, nami nalala," akasema. "Akiwa na wasiwasi, hata kwenye godoro mtu halali."

Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na nikiri kwamba ilikuwa fupi kuliko yangu na iliwaingia zaidi. Watoto walicheka mpaka wakashikana. Wakawaomba wazazi waache zamu hizo. Dada akakataa katakata. Mpaka mwalimu ashike funguo mkononi. Na sisi sote tukaapishwa kufunga midomo, mimi nikaapishwa mara mbili.

Sikusema. Mnaweza kumuuliza yeyote.

Maji yalikuja katikati ya wiki, zamu ya kinyozi. Alikuwa ameamka, amekunja mablanketi, amezima jiko, ameligusa, amekuja dukani. Fundi viatu alikuwa kitini, shavu moja limeshanyolewa, jingine bado lina povu. Mama Dirisha akaingia akikimbia. Watu tulisimama kwa hilo peke yake, maana hakuna aliyewahi kumwona nje ya fremu.

"Jirani, nyumba yako inatoa maji chini ya mlango."

Kinyozi aliweka wembe chini na kutoka. Fundi viatu akamfuata na shuka shingoni na nusu ya ndevu. Nami nikafuata, kwa sababu mahali penye hatari napaswa kuwepo.

Bomba linalopanda kwenye tangi la juu ya dari lilikuwa limepasuka. Maji yalikuwa yamekusanyika juu ya mbao mpaka zikachoka. Dari ya chumba cha kulala ilikuwa imeshuka yote, imelala juu ya kitanda, pale pale alipokuwa yeye asubuhi ile. Ukuta ulikuwa na michirizi ya kahawia kutoka juu mpaka chini. Sakafu nyekundu haikuonekana. Fundi viatu akapanda akafunga koki, na ukawa ukimya wa matone.

Kinyozi akainua uso kwenye tundu, mahali ambapo mwalimu aliinua uso wake. Kama nilivyoiona.

Dada akaja kutoka hospitali na aproni yake. Hakulia. Aliingia majini akaenda moja kwa moja kugusa swichi kuu, akakuta mumewe ameshaizima, ndipo akakaa kwenye ngazi ya mlango na kushika kichwa.

"Wakikataa kulipa," akasema, "mwalimu ndiyo basi."

"Hawatakataa. Tumelala humu."

"Nani anajua kama tumelala humu?"

Kinyozi akachukua ile sufuria moja, akaanza kuchota maji.

Mkaguzi wa bima alikuja kesho yake. Mwanamume mrefu, buti za mpira, kamera inaning'inia shingoni, sura ya mtu aliyeshadanganywa sana. Akapita vyumba vyote. Akapiga picha tundu la dari. Akapiga picha kijiko. Kisha akasimama sebuleni, ambako sauti ilirudi kutoka kila ukuta kwa kuwa hapakuwa na hata kigoda.

"Nani anaishi hapa?"

"Mimi," kinyozi akasema. "Wiki hii."

"Na wiki nyingine?"

"Mke wangu."

"Hamuishi pamoja?"

"Tunaishi pamoja. Ila siyo mahali pamoja."

Mkaguzi akavuta pumzi. "Mzee wangu, hakuna kiti. Hakuna pazia. Hakuna godoro. Kuna sufuria moja na kijiko kimoja. Hii ni nyumba iliyohamwa."

"Tumelala humu kila siku," dada akasema.

"Juu ya chaga?"

"Juu ya chaga."

"Godoro mnalo?"

"Tunalo."

"Kwa nini mtu mwenye godoro alale juu ya mbao?"

"Kwa ajili ya bima yenu," kinyozi akasema.

Ilikuwa kweli tupu, na haijawahi kuwepo kweli iliyofanana na uongo kama ile. Mkaguzi akafunga kamera. Akasema kwa upole kwamba yeye huandika anachokiona. Kama kuna mtu asiye wa familia anayeweza kusema nyumba inakaliwa, aseme sasa. Mimi nikatoka mbele kifua wazi. Akaniuliza kama nimewahi kulala humo. Nikamjibu kwamba roho yangu imelala humo mara nyingi. Jibu hilo hakuliandika.

Dada akamtazama mumewe, na macho yake yalikuwa yameshakata tamaa. Walikuwa wameficha vizuri mno. Nje ya familia hakuna hata mtu mmoja waliyemwambia.

"Unauliza nani analala humo?" Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha. "Njoo uniulize mimi."

Mkaguzi akavuka. Sote tukavuka.

"Huyu bwana," Mama Dirisha akasema, akiegemeza viwiko vizuri, "mkewe alimfukuza."

"Hapana, mume ndiye aliyemfukuza mke," fundi viatu akadakia. Bado alikuwa na nusu ya ndevu. Alikataa vinyozi wengine wote, akisema aliyeanza ndiye atakayemaliza. "Mke ndiye aliyeondoka kwanza."

"Wewe ulikuwa unagonga soli, mimi nilikuwa naangalia. Wiki moja analala mume, wiki moja analala mke. Jumapili wanapishana, hata salamu hawapeani. Mume anaunguza mayai. Mke haunguzi, ila akizima jiko anarudi kuliangalia, taa inazimwa, inawashwa, inazimwa. Mume anafua fulana siku moja, ile ya mistari. Anakohoa asubuhi kwa sababu ya zile mbao. Siku moja alianguka nazo."

"Ulisikia?" kinyozi akauliza.

"Jirani, mtaa mzima ulisikia." Kisha akashusha sauti kidogo, lakini si sana. "Na kabla ya kulala anasema usiku mwema."

"Kwa nani?" mkaguzi akauliza.

"Hakuna mtu. Anaugeukia upande ule wa kitanda ulio mtupu, anasema usiku mwema, anazima taa. Kila siku ya zamu yake. Madirisha hayana mapazia, sasa mnataka mimi nifumbe macho?"

Masikio ya kinyozi yalikuwa mekundu kama sakafu yake. Dada hakumtazama, alikuwa anatazama aproni yake na kuinyoosha kwa kiganja, akiinyoosha mahali palipokuwa pameshanyooka.

Mkaguzi akatoa kalamu. "Basi inakaliwa," akasema. "Ya kwangu haikaliwi hivyo." Akaandika, akaweka sahihi, akamgeukia dada. "Mama, sharti la bima lilikuwa mwezi. Mngepitia mara moja moja tu mngekuwa salama."

"Na kama tungekuja mara moja moja, huyu mama angekuwa na nini cha kukwambia?" dada akauliza.

Mkaguzi akafikiri, na nadhani mpaka leo anafikiri. Ndipo kinyozi akacheka. Tulikuwa tumesahau kwamba anaweza. Alicheka ameshika ukuta, na dada naye akashindwa kujizuia, wakawa wawili wameegemeana katikati ya barabara, siku ya kazi, mchana.

Mama Dirisha akawatazama kwa mashaka. "Bima?" akasema. "Yaani hamkuachana?"

"Hatukuachana, jirani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akavuta kioo cha dirisha akakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza, na bawaba zililia.

Fidia ikaja. Dari ikapigwa mbao mpya, ukuta ukapakwa rangi, bomba likabadilishwa. Mwalimu akaja muhula ulipoisha, akazunguka mikono ikiwa nyuma, akagonga, akainua macho. Dada alikuwa amesimama mlangoni na hakuwa anapumua, niliangalia.

"Hii dari ilikuwa hivi?" mwalimu akauliza.

"Hapana," kinyozi akasema. "Hii ni mpya. Ile ilianguka."

Mwalimu akaitazama tena. "Hii ni nzuri zaidi," akasema, akanyoosha mkono, akapewa funguo.

Dada akashusha pumzi iliyokuwa kifuani tangu siku ya ngazi za ile ofisi. Alifika njia panda, akasimama. Sote tulingoja. Kisha akaendelea na safari yake bila kurudi, maana swichi zile zilikuwa sasa wasiwasi wa mtu mwingine. Jioni ile kitanda na godoro vilikutana. Kinyozi akasema usiku mwema upande wa kushoto, na safari hii upande wa kushoto ulijibu: "Umezima jiko?"

Lakini sijawaambia jinsi walivyoondoka mtaani, na hapo ndipo penyewe. Lori lilikuwa limeshatengenezwa, likimngoja dada pale njia panda. Dada alikaa mbele amevaa viatu vipya vya kahawia, laini, namba yake hasa. Mtaa mzima ulitoka, watu hawapungui mia tano, wengine wamepanda mapaa, na Mama Dirisha akiwa amebebwa juu juu na kiti chake, na bendi, na shemeji yangu akapanda juu ya kabati lililokuwa ndani ya lori, akanyoosha mkono, umati ukanyamaza kimya, akaanza hotuba iliyochukua muda mrefu mpaka jua lika

"Kabati lilikwenda na safari ya kwanza," kinyozi anasema, bila kugeuka, akipangusa wembe. "Na niliwaambia kwaherini. Njoo, zamu yako. Inamisha kichwa."